Ukumbi wa Vipimo Usio na Pazia

Alhamisi, usiku

Leo upepo umevuma kutoka ziwani tangu alfajiri, na mchanga umeingia hadi kwenye mtungi wa maji. Siku nyingine ningeulalamikia. Leo sina habari nao. Nimekasirika tangu saa sita mchana, chai imepoa mbele yangu, na hasira haijapungua hata kidogo.

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu mtu aliyekasirika akiandika ovyo huonekana kama hana hoja. Mimi hoja ninayo.

Tangu Jumatatu wako watafiti hapa kijijini kwetu, upande huu wa Lundo. Wanachunguza magonjwa ya ngozi na magonjwa ya njia ya mkojo kwa watu wanaoingia ziwani kila siku. Ni kazi njema. Mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu, niliisemea kanisani, nikawaeleza wanawake kwa Kiswahili, kisha bibi zao kwa Kinyasa, kwamba kichocho si laana wala si uchawi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi tunapofua, tunapooga na tunapovuta nyavu, na mwisho wake ni mtu kukojoa damu na kibofu kuharibika. Niliyasema hayo yote nikiwa nimesimama wima, na watu walinisikiliza.

Nami nilijiandikisha, kwa upande wa ngozi. Miguu yangu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, imejaa mabaka meusi, magumu, yanayowasha hadi nakosa adabu mbele za watu. Dawa za kupaka zinazouzwa hapa nimezipaka zote. Jumatatu daktari kiongozi aliyatazama mabaka hayo, akasema hawezi kubahatisha: ni lazima kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Nilipewa miadi ya kesho, saa sita mchana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jambo moja tu, kwamba hatimaye ugonjwa huu utapata jina.

Lakini mgonjwa niliyemhofia zaidi si mimi. Ni Gaudensi, mume wa binti yangu Yustina.

Gaudensi ni mvuvi, na anakojoa damu. Si jambo la wiki hii. Wanaume wengi wa ufuko huu wamekua wakiambiana kwamba kijana akikojoa damu amekomaa, basi, hakuna anayeuliza zaidi. Gaudensi amekomaa hadi leo, ana watoto, na bado anakomaa! Siku hizi, ananiambia Yustina, husimama nyuma ya nyumba akiushika ukuta na kuuma meno, kisha hurudi ndani na kusema ni baridi ya maji. Yustina amembembeleza, amemnunia, amemwombea misa. Jana alikubali kwenda kupimwa. Watafiti wana mashine ya kutazama kibofu, wana dawa, na atakayeonekana ana hali mbaya watampeleka hospitali Mbinga kwa gari lao.

Jana binti yangu alicheka. Nilikuwa sijausikia mcheko wake siku nyingi.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu hapa analijua, na ambalo watafiti hawakuuliza. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Hakuna chuki ndani yake. Gaudensi akiniona njiani hupinda kushoto, nami huanza kuitazama mihogo ya watu kama niliyeajiriwa kuikagua. Akija kunijulia hali husimama nje ya ukuta wa jiko. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Ziwa linasemaje?" Tunazungumza vizuri kabisa, kila mtu upande wake wa ukuta. Ameniezekea jiko hilo kwa mikono yake, na tangu amuoe Yustina sijawahi kumwona akitafuna chakula.

Wanaoona ni ujinga waone. Ndoa ya binti yangu imekuwa na amani kuliko nyingi ninazozijua.

Watafiti wamepewa ukumbi wa parokia. Ni chumba kimoja, kirefu, chenye mlango mmoja. Watu wa ngozi huketi kwenye mabenchi ya upande wa kulia, karibu na mlango, kwa sababu kuna mwanga. Watu wa mkojo huitwa kwa majina, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, hupewa kikombe cha plastiki, hutoka kwenda chooni nyuma ya ukumbi, kisha hurudi nacho kwa mlango uleule, mbele ya mabenchi yale, hadi mezani.

Kikombe chenyewe hakina mfuniko. Tena kinaonyesha kilichomo.

Hakuna pazia. Hakuna hata mkeka uliosimamishwa.

Leo niliitwa nikatazamwe mabaka kabla ya kukatwa kesho. Niliketi kwenye benchi, muuguzi akapiga magoti mbele yangu, akaniomba nipandishe kanga hadi magotini. Nilipandisha. Mimi ni mtu mzima, naelewa kwamba ngozi haitazamwi kupitia kitambaa. Nilikuwa nimewapa mgongo walioko mezani na uso wangu ulielekea mlangoni. Gaudensi nilidhani yuko ziwani, kwa kuwa Yustina alisema atakwenda jioni, watu wakishapungua. Kumbe alikuja asubuhi akaambiwa mkojo wa mchana ndio unaoonyesha mayai ya minyoo vizuri, basi asubiri. Alisubiri nje nyuma ya ukumbi, peke yake, ili asikutane na mtu.

Akaingia.

Mikononi ana kikombe, na kilichomo ni chekundu kama juisi ya choya. Mbele yake, hatua chache tu, mama mkwe wake ameketi akiwa wazi hadi magotini.

Sijui ni nani kati yetu aliyeaibika zaidi. Nilivuta kanga kwa nguvu hadi nikamgonga muuguzi mkononi. Gaudensi alitoa sauti, si neno, ni sauti tu, kikombe kikamponyoka kikamwagikia kizingiti, naye akageuka akakimbia kuelekea ufukweni kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Kisha jirani yangu Mama Benigna, ambaye hajawahi kushinda kishawishi cha kusema, akapaza sauti kutoka benchi la nyuma:

"Mwalimu! Mkwe amekuona miguu! Leo lazima akuletee kuku!"

Watu wakacheka. Nilimtazama hadi kicheko chake kikakatika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari kiongozi. Ni mtu wa makamo, mwenye adabu, na macho yake yamechoka. Aliniamkia vizuri. Nikamwambia kwamba ukumbi wake umepangwa vibaya, kwamba wanaume wanahitaji saa yao au mlango wao, na kwamba hata pazia lingetosha. Akanieleza kwamba katika kijiji walichotoka wanaume waliruhusiwa kwenda na vikombe nyumbani, wakarudi na mikojo ya wake zao. Mmoja, kipimo hakikumwonyesha ugonjwa wowote ila mimba. Kwa hiyo sasa kila kitu hufanyika pale pale, mbele ya macho ya watafiti.

Nilikubali kwamba wanaume wale walikosea. Sikukubali kwamba sisi tuadhibiwe kwa ajili yao.

Akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi: "Mama, sisi hatuchunguzi mambo ya ukwe. Tunachunguza ugonjwa."

"Basi ugonjwa wenyewe umekimbilia ufukweni," nikamwambia. "Ufuate."

Hakuufuata. Alisema kesho saa sita ndiyo nafasi ya mwisho, baada ya hapo wanafunga vifaa na kuondoka. Gaudensi akija atapimwa. Asipokuja, utafiti haumlazimishi mtu.

Haumlazimishi mtu! Maneno mazuri, na anayeyasema ameweka mlango mmoja kwa watu wote.

Nina hasira na daktari huyo, lakini hasira yangu haijaishia kwake. Ninamkasirikia Gaudensi, mwanaume anayeweza kusimama kwenye mtumbwi usiku wa mawimbi lakini miguu ya bibi kizee inamshinda. Ninawakasirikia waliomfundisha utotoni kwamba damu ni ukomavu. Ninamkasirikia Mama Benigna na kuku wake. Hata sisi wazee tulioketi kwenye mkutano wa kuwapokea watafiti ninatukasirikia: tuliuliza juu ya dawa, tukauliza juu ya usafiri, na hakuna aliyeuliza watu watapita wapi. Jambo tunalolijua mno huwa hatulisemi, kisha tunashangaa mgeni asipolijua.

Alasiri Yustina alikuja macho yamevimba. Amemfuata mumewe ufukweni, kwenye nyavu zinazoanikwa. Gaudensi amesema kesho harudi ukumbini maadamu mimi nipo, na anajua kwamba nitakuwepo, kwa kuwa miadi yangu nimeitangaza mwenyewe. Akibanwa zaidi, atakwenda kwa ndugu zake Chiwanda, akakae huko hadi aibu ipoe.

"Aibu itapoa," Yustina akasema. "Kibofu je?"

Nilimwambia nitaongea na daktari nikatwe ngozi asubuhi. Nikarudi ukumbini mara ya pili leo, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu si dogo. Haiwezekani. Mtaalamu wa kukata anatoka Mbinga na gari la kesho, anafika mchana, anakata, anaondoka na vipande vile vikiwa bado vibichi. Mkojo nao ni mchana. Saa yetu ni moja, mlango wetu ni mmoja.

Nikauliza kama naweza kukatwa siku nyingine huko Mbinga. Daktari akatikisa kichwa: wanaopimwa ni wale waliokatwa hapa, kwa siku zilizopangwa. Nikaondoka bila kuaga. Niliona vibaya njiani, lakini sikurudi.

Basi nimeketi hapa tangu jioni nikikuna miguu na kufikiri.

Kukaa nyumbani hakutoshi. Njia ya kutoka ufukweni kwenda ukumbini inapita kando ya uwanja wangu, na Gaudensi atajua niko ndani nimejificha, jambo ambalo litamwaibisha zaidi. Kumtumia ujumbe hakutoshi pia, kwa sababu mtu mwenye hofu hasadiki ujumbe. Ni lazima aone.

Jua lilipokuwa linazama Yustina alirudi tena, kabeba sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mbasa mmoja mnene, ametolewa magamba vizuri. Yustina aliiweka sahani jikoni, juu ya jiwe la kusagia, bila kusema imetoka kwa nani.

Kwa desturi ni kuku. Mkwe aliyemwona mama mkwe wake katika hali isiyofaa huleta kuku, mama mkwe akipokea, jambo limekwisha. Lakini mvuvi aliyekimbia hadi kwenye nyavu zake atampata wapi kuku?

Nilimpokea samaki. Nikamkaanga na kumla, na sitasema uongo, alikuwa mtamu. Hiyo haina maana kwamba nimetulia. Mtu anaweza kula na hasira yake vilevile.

Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Niliiosha, nikafungua sanduku langu, nikatoa shuka la zambarau, lile zito, ambalo mwanga haupenyi. Nikalikunja juu ya sahani, na juu ya shuka nikaweka kamba ya kuanikia nguo. Nikampa Yustina.

Alitazama kamba, akatazama shuka, kisha akanitazama miguu.

"Mama, na miadi yako?"

"Misumari ya mapambo ya Krismasi bado ipo juu ya mlango wa ukumbi," nikamwambia. "Ufunge kamba kuanzia hapo, mbele ya mabenchi, kabla ya saa nne. Akikukataza mtu, mwambie ni shuka la Mwalimu, aje aliondoe mwenyewe."

Kesho asubuhi naondoka. Nina dada yangu Mbinga, hajaniona siku nyingi, kwa hiyo si uongo nikisema nakwenda kumtazama. Gari la asubuhi husimama pia njia panda, karibu na nyumbani, lakini sitapandia huko. Nitashuka hadi ufukweni, mahali wanaume wanaposhona nyavu, nikiwa na mfuko wangu, na nitapandia hapo, mbele yao wote. Sitamtafuta Gaudensi kwa macho. Nitaitazama milima. Dereva akiniuliza ninarudi lini, nitamjibu kwa sauti yangu ya darasani, ile iliyokuwa ikifika dawati la mwisho: Jumapili.

Miguu inawasha ninapoandika haya. Itaendelea kuwasha, bila jina. Nisisifiwe na mtu kwa hilo, kwa sababu sijalifanya kwa moyo mweupe. Ninafukuzwa kijijini kwangu na watu wasomi walioshindwa kutundika kitambaa, na nitakapopanda gari lile nitakuwa nimenuna.

Pazia limepatikana. Mama mkwe atakuwa ameondoka. Zimebaki hatua za kutoka kwenye nyavu hadi kizingitini, na hizo, Gaudensi, siwezi kuzipiga kwa niaba yako.