Oluoch Wawili

Asembo, 3 Februari 2025

Nyara Lornah, binti yangu,

Salamu zangu zikukute huko Maseno ukiwa mzima, wewe na watoto. Huku tuko. Goti linanisumbua, lakini bado nawashinda ndugu zako kulima.

Ile programu ya kuandikia uliyonitengenezea naimudu. Kidole kimoja tu, na karani wa chifu ananiuliza nilisomea wapi! Naandika orodha ya warithi wa shamba. Shida ni hii: nikigonga "Olu", yale majina yanayoshuka chini yanaleta Oluoch wanne. Mashine imelewa? Mimi nina Oluoch wawili: wa mama yako Akello na wa mke mwenzake Debra, kwa sababu kila nyumba ilitaka jina la baba yangu. Rekebisha haraka, orodha inangojwa.

Baba yako

Maseno, 6 Februari

Baba,

Habari ya nyumbani? Pole na goti. Sisi wazima, ila Byron ana mafua.

Mashine haijalewa. Inachota majina mahali pawili: kwenye orodha ya familia niliyoiwekea, na kwenye ukurasa unaoandika. Jina likiwa kote, linaletwa tena. Sasa nimeiambia, ulichokwisha kuonyesha usirudie. Zima kompyuta, uwashe, uanze orodha upya.

Nisalimie mama Debra.

Binti yako

Asembo, 2 Machi

Nyara,

Natumaini mafua ya Byron yameisha. Mimi mwili mzima, roho hapana.

Umeniharibia nyumba. Orodha niliisoma mbele ya chifu na wazee wa ukoo, majina kumi na moja, sauti yangu kama tarumbeta. Nilipomaliza, Oluoch wa Debra akasimama, akasema, "Asante Mzee, nimesikia." Akaenda bila kula. Debra hanipi hata maji ya kunawa. Mashine yako ilileta Oluoch mmoja tu, wa mama yako! Mwandikie chifu barua, umwambie kosa ni la kompyuta. Mwisho wa mwezi wa tano orodha inaenda kortini. Mimi siendi kwa Oluoch kujieleza. Mimi ni Obiero, na Obiero hakosei.

Baba yako

Maseno, 5 Machi

Baba,

Byron amepona, asante. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Kosa langu nalikubali. Kando ya kila jina niliweka jina la mama, lakini mashine nikaiacha ilinganishe jina peke yake. Ikaona Oluoch na Oluoch, ikafikiri ni mtu mmoja. Nimeirekebisha: sasa hesabu ni ya jina pamoja na mama, na Oluoch wako wawili wanakuja wote.

Lakini Baba, yale majina yanayoshuka ni ya kukusaidia kuchagua. Hayafuti mtu. Oluoch wa pili ungeweza kumwandika mwenyewe, herufi sita. Halafu ukasoma orodha kwa sauti, mbele ya watu, na yeye ameketi hapo. Hukusita?

Ndugu yangu wa tumbo moja ndiye aliyebaki kwenye orodha, kwa hiyo hata mimi naona aibu kuuliza. Niambie tu kwamba hukuona, na barua ya chifu nitaiandika leo hii.

Binti yako

Asembo, 11 Mei

Nyara Lornah,

Hamjambo huko? Sisi tunapumua.

Hiyo barua usiiandike. Niliona.

Unakumbuka Oluoch wa Debra alivyoniambia mbele ya watu ufukweni kwamba nyavu zangu zinamaliza samaki wachanga, akaacha mtumbwi wangu akaenda kupanda nyanya. Nilipofika kwa jina lake mashine ikaleta mmoja, nikasema moyoni, basi, si mimi. Nikasoma orodha nikiwa nimenenepa kwa kiburi.

Jana nilienda kwa chifu. Nikaomba kalamu, nikaandika kwa mkono wangu: Oluoch wa Debra. Herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo. Chifu akauliza, "Mzee, ulimsahau?" Nikasema, "Nilimwacha."

Kisha nikatembea mpaka shambani kwake. Alikuwa ananyunyizia nyanya dawa, hakusimama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye jua. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Keti hapo kivulini, Baba. Nimalize upande huu."

Nikaketi. Upande wenyewe ulikuwa mrefu, na sikumharakisha.

Baba yenu