Faili Zilizorukwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bosi amenunua studio ya Mzee Mwau kule Nunguni. Mzee amechoka na harusi, anasema magoti yake hayataki tena kukimbizana na maharusi. Kazi yangu mimi: kuhamisha video zake zote kutoka seva yake hadi yetu hapa Migwani, bila kugusa hata moja ya kwetu. Hiyo "bila kugusa" Bosi ameirudia kama kiitikio cha kwaya. Ana sababu. Mwaka jana mtu fulani – si mimi – alinakili harusi moja juu ya nyingine, na bibi harusi akaja dukani na shangazi zake wote. Bosi alitorokea mlango wa nyuma.

Nimeipa mashine amri yangu ya kawaida: ukikuta hapa kuna faili yenye jina hilo, iruke, endelea na nyingine. Nimeiacha ikienda. Kazi nyepesi.

Jumamosi ni ntheo yangu! Mutunga na ukoo wake wanaleta mbuzi watatu nyumbani, na kuanzia hapo mimi ni mke wa mtu kwa mila ya Kikamba, pasta atake asitake. Yeye tumempa harusi ya kanisani, Desemba. Gauni liko kwa fundi. Limebana kiunoni lakini sitakula sana.

Jumanne, 5 Agosti

Imeisha. Ripoti: nyingi zimenakiliwa, chache zimerukwa. Nimemwambia Bosi hizo chache tunazo tayari. Amefurahi hadi akaninunulia chapo na ndengu. Kwa Bosi hiyo ni kama kupewa nishani.

Mzee Mwau akapiga simu. "Mama, zote zimefika?" Zote, Mzee. Basi, akasema, ile mashine yake ya video anaipeleka kanisani kwao leo leo, iwe ikionyesha maneno ya nyimbo ukutani.

Fundi amelegeza gauni. Nimekula chapo zote mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Wajomba wamekuja kutoka Nunguni, tukadhani ni mambo ya hema na sufuria. Wamekunywa chai, wamesifu mahindi, wakauliza habari za mvua. Halafu Mjomba Mulinge, kaka mkubwa wa Mama, akaweka kikombe chini. Akasema polepole kwamba Baba hakumaliza ntheo ya Mama. Na mwanamume ambaye hajamaliza ya mkewe hapokei ya binti yake. Kwa hivyo Jumamosi Mutunga abaki na mbuzi wake kwao.

Baba alisimama ghafla, meza ikatikisika. Alipeleka watatu, anasema. Mwaka 2006, mchana, watu wakiona, na Mwau akipiga video. "Nikipatikana mwongo, hao mbuzi wa binti yangu Nthenya mwende nao Nunguni wote."

Mimi nilikuwepo, nina miaka mitano. Ninachokumbuka ni soda.

Kisha wote wakanigeukia. Si mimi ndiye mwenye video zote za Mwau? Nikajitia ujasiri, nikasema mtaiona kabla ya Jumamosi. Mama alikuwa akiosha vikombe. Aliendelea kuosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi na mapema nikafungua folda ya 2006, video ya kwanza. Wazee, nyasi, mbuzi, sawa. Lakini mwenye boma ni mzee mmoja wa hapa Migwani mwenye kofia ya manyoya, anacheza peke yake. Nikafungua ya pili. Wa kofia tena. Hakuna Baba, hakuna Mama, hakuna hata mtu mmoja wa Nunguni.

Nikarudi kwa ripoti. Zilizorukwa: folda ya 2006, karibu yote, na chache za miaka ya juzijuzi.

Nimeelewa nikiwa nimesimama. Mzee Mwau huweka video kwa mwaka, na sisi pia. Kamera yake miaka mingine huanza kuhesabu faili kutoka moja, na yetu pia. Mashine ilikuta jina, ikaruka, kama nilivyoiambia. Nami nikaona jina limefanana, nikasema kitu ni kile kile. Mimi! Ninayeitwa jina la nyanya, na binamu wawili wanaitwa hivyo hivyo, na tukiitwa jikoni tunaitika sote watatu. Nimejiona mjinga kabisa.

Nikampigia Mzee Mwau. Mashine iko kanisani tangu juzi. "Lakini si ulisema zote, Mama?" Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mutunga amesema kesho tunaenda. Kwa pikipiki, na nisimletee machozi barabarani maana hataona vizuri akigeuka kunitazama.

Ijumaa, 8 Agosti

Nunguni. Baridi hii si ya watu wa Migwani. Niko ofisini kwa kanisa, katikati ya vitabu vya nyimbo na ngoma moja iliyopasuka.

Mashine anaitunza mama mmoja wa kwaya. Ameshaanza kufuta ili apate nafasi. Lakini alianza na za juzijuzi, anasema ndizo nzito. Zile za juzijuzi zilizorukwa zimepotea kabisa, na nitamwambia Bosi mwenyewe, Mungu anisaidie. Za 2006 zipo! Nimezinakili zote kwanza, nikaweka "Nunguni" mbele ya kila jina. Kisha nikaona picha ndogo ya faili ya kwanza: Mama, mwembamba, gauni la buluu. Nikamwandikia Baba hapo hapo. Nimeipata.

Ndipo nikaitazama.

Mbuzi wawili. Nikarudisha nyuma. Wawili. Mjomba Mulinge, bado ana nywele, anauliza wa tatu yuko wapi. Baba anacheka, anasema wa tatu yuko njiani. Watu wanapiga makofi. Mama hapigi.

Nilimpigia Mama, si Baba. Nikamwambia nimewahesabu, ni wawili.

"Wajomba wako hawadanganyi. Ni mimi nilikuwa nawaambia wangoje."

Nikamwuliza kama Baba anajua anachosema.

"Babako anaamini alimleta huyo wa tatu. Amesema hivyo miaka mingi, sasa hata rangi yake anaikumbuka."

Na wewe Mama?

"Mimi nilimngoja huyo mbuzi, Nthenya. Kila Desemba. Halafu nikaacha."

Nilitaka kumkumbatia na alikuwa mbali. Nikauliza nifanye nini, akasema chakula kiko jikoni kinaungua, akakata.

Mutunga yuko nje na wale wa kwaya, wanamchekesha, namsikia. Hajui bado. Wala sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Ujumbe wa Baba umeingia sasa hivi. Anasema nisikawie, wazee wa pande zote mbili wameshaketi, na kwa vile sebuleni hawatatoshea ameitoa TV nje, kila mtu aone.