Makande Juu ya Orodha

Njombe, Jumanne

Bado natabasamu kama mjinga.

Ile karatasi ya sehemu za kula niliyobandika mapokezi pale gesti ninapofanya kazi niliiandaa wiki nzima: pilau ya mama wa Tanga karibu na stendi, tambi za kwa Mchina, biriani ya Makambako kwa wanaoendelea na safari. Kibanda cha mama cha makande, nyuma ya soko, nilikiacha makusudi. Niliogopa bosi atasema nawapigia debe ndugu zangu. Mama aliniuliza mara moja tu kwa nini hayumo, kisha akaendelea kuchambua maharage yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Leo mchana mgeni wa chumba namba nne kaingia anapuliza vidole kwa baridi. "Dada, karatasi yenu ina kasoro kubwa."

Moyo paa!

Akachukua peni yangu, akaandika juu kabisa, bosi akiangalia: "Makande ya yule mama wa nyuma ya soko. Anzeni hapo."

Yule mama! Wala hakujua ni mama yangu!

Jioni nikamsimulia mama. Hakucheka. "Kaandika kwa penseli au kwa peni?"

"Kwa peni, mama. Haifutiki."

"Haya," akasema, akanijazia sahani mpaka makande yakamwagika.