Bruno au Mauza? Mke Wangu Hataki Hata Moja

Mpendwa Shangazi Batuli, shikamoo. Najua safu yako ni ya mambo ya ndoa na mimi ninachoomba ni msaada wa kuchagua bunduki, lakini nakusihi usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho, maana bunduki yenyewe haijanunuliwa na tayari imeshaingia kwenye ndoa yangu.

Mimi ni mkulima wa hapa Kwihara, nalima tumbaku upande wa barabarani na mahindi na karanga kule chini karibu na pori, na huko chini Shangazi ni vita, nyani wanashuka asubuhi, ngedere wanafuata, na nyani hawamwogopi mwanamke, hilo kila mtu huku analijua, mwanamke akipiga debe wanamtazama tu na kuendelea kula, kwa hiyo wake zetu wakienda kulinda huvaa nguo za kiume. Mke wangu Veneranda msimu mzima hukaa dunguni, kile kichanja chetu cha miti chenye paa la nyasi, amevaa koti langu la kahawia na kofia yangu, na nyani wakizidi anashuka anawakimbiza ndani ya mahindi huku anakohoa kwa sauti nzito kama yangu, na kweli wanatimka. Mchana natoka kwenye tumbaku nampelekea uji na matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, dungu ni dogo la mtu mmoja kwa hiyo yeye anakaa juu mimi nakaa kwenye ngazi, tunaongea ongea mambo ya hovyo tu mpaka jua lipoe, halafu narudi kazini. Jioni nikilivaa koti langu nakuta mfukoni karanga zilizokwisha kumenywa, nadhani huwa anazisahau.

Sasa msimu uliopita nilimwona akishuka ngazi ameshika kiuno, alipofika chini akakaa kwanza kwenye udongo ndipo akasimama, na roho iliniuma sana Shangazi kwa sababu Veneranda ni mtu asiyelalamika. Siku ile niliapa kwamba mke wangu hatapanda tena dungu. Nikaanza kufuatilia kibali cha kumiliki bunduki, nikaenda serikali ya kijiji, nikaenda polisi, nikaambiwa njoo kesho mpaka viatu vikaisha, na sasa kibali kimetoka, na wapo watu wawili walio tayari kunihamishia zao kwa utaratibu. Mzee Sabiri, fundi cherehani wa Gongoni, ana raifo aina ya Bruno, na rafiki yangu Xavery wa Kanyenye ana Mauza aliyoachiwa na baba yake, na zote ni zile za komeo, ambazo kila ukipiga unavuta komeo kwa mkono ili risasi nyingine iingie. Xavery anasema Bruno ni ya kuchezea, Mzee Sabiri anasema Mauza itaning'oa bega, na mimi nimebaki katikati kama mtoto wa wazazi walioachana.

Nilimwonyesha Veneranda picha ya Bruno kwenye simu, nikamwambia, "Vene, mwaka huu unashuka dunguni."

Akaniuliza, "Nishuke niende wapi?"

"Nyumbani, ukapumzike."

Akasema hataki bunduki hiyo. Nikadhani haijamridhisha, kesho yake nikamletea picha ya Mauza, ile ya mti mzito inayong'aa, nikamsifia sana. Akaitazama, akanirudishia simu, akasema, "Baba Kulwa, ukileta hiyo au ile, mimi nakwenda kwa dada yangu Sikonge mpaka mavuno yaishe." Tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana tu. Nyumbani tuko wengi, mama yangu yupo, dada yangu amerudi na watoto wake, sina hata pembe ya kumuulizia vizuri. Nikiacha kununua, mke wangu ataumia kiuno mpaka ashindwe kutembea, nikinunua ataondoka, na Mzee Sabiri anataka jibu. Nisaidie Shangazi, nichukue aina gani ambayo mke wangu ataikubali? Tafadhali usiandike jina langu.

Mlinda Mahindi, Kwihara

SHANGAZI BATULI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ila wewe mwenyewe umemwaga la mkeo na la mtoto. Kwihara ina wanawake wangapi wanaokohoa ndani ya mahindi kwa sauti ya waume zao? Nimeyabadilisha majina yote kabla hayajakwenda mtamboni, na siku nyingine uwe na akili.

Nianze na ulichouliza. Marehemu mume wangu alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori, na raifo za komeo nimezipanguza mafuta mimi kwa mikono hii, kwa hiyo usidhani unaongea na mtu wa kusimuliwa. Bruno ni bunduki nzuri na Mauza ni bunduki nzuri. Hao wawili wanaokuvuta huku na huku kila mmoja anasifia cha kwake, kama mama anavyomsifia binti yake. Wewe tazama vitu vingine. Iweke begani uone kitako kinakukaa au kinakusukuma shingo. Vuta komeo, liwe laini, lisikwame. Chungulia ndani ya mtutu mwangani uone kama kuna kutu. Uliza risasi zake zinapatikana Tabora au mpaka uagize mbali. Kwa nyani na ngedere, kama kutu haipo, mimi ningekwambia chukua Bruno ya Mzee Sabiri, kwa sababu mashamba ya kijijini hayakosi watu wanaopita, na Mauza za siku zile nyingi zilitengenezewa mnyama mkubwa. Risasi yake ikimkosa nyani haisimami hapo, inakwenda kutafuta ng'ombe wa mwenzako. Na kibali cha kumiliki si kibali cha kuua. Kabla hujafyatua hata moja, nenda kwa afisa wanyamapori akueleze unaruhusiwa nini. Bunduki ni ya jina lako peke yako, haiguswi na mtu mwingine, na ikiwa nyumbani inafungiwa, maana umeniambia nyumba imejaa watoto.

Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze wewe na mimi.

Umeandika kwamba mkeo anavaa koti la kahawia na kukimbia ndani ya mahindi. Mwanangu, nilipofika hapo niliweka barua chini nikanywa maji. Mahindi yakishasimama, kitu cha kahawia kinachotikisika humo ndani utajuaje ni nyani au ni Veneranda? Koti hilo lirudi msumarini leo, kabla bunduki haijaingia Kwihara. Mnunulie shati la kiume lenye rangi ya kupiga kelele, na kama ni mtu wa mpira mpe jezi nyekundu ya Simba. Nyani anatazama suruali na kofia, hajali unashabikia nani.

Tena umeniudhi kwa jambo moja. Mwanamke amekataa Bruno, wewe ukamletea Mauza, kama vile anachagua kitenge. Hakukataa aina. Alikuuliza swali jepesi, "Nishuke niende wapi?" na wewe ukamjibu nyumbani. Nyumbani kuna nini? Kuna mama mkwe, kuna wifi, kuna watoto wa wifi, na wewe mwenyewe umekiri huna hata pembe ya kumuulizia mkeo neno. Mahali pekee ambapo Veneranda ana mume wake peke yake ni pale dunguni, mchana, wewe uko kwenye ngazi na bakuli la uji. Mambo ya hovyo mnayoongea hapo ndiyo anayoyapandia. Kiuno kinamuuma na bado anapanda, na wewe umehangaika ofisi kwa ofisi kutafuta kibali cha kumwondolea.

Na zile karanga, hazisahauliki mfukoni siku nzima. Mwanamke anakaa juu ya kichanja, jicho kwa nyani, anamenya karanga moja moja anaziweka kwenye koti analojua utalivaa jioni. Wewe unazila na kusema amesahau. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Aseme vipi, mwanangu? Amekuzalia watoto, mama yako anasikia kila kitu, asimame katikati ya uwanja aseme anataka kukaa na mumewe? Mimi pia sikusema. Mume wangu alikuwa kwenye wanyama, mimi nyumbani na ndugu zake, na siku aliporudi na raifo chafu nilifurahi kwa sababu tulikaa pamoja kuisafisha, yeye anapitisha kitambaa kwenye mtutu na mimi napanguza komeo, tunaongea mambo ya hovyo. Namkumbuka hapo kuliko arusini. Ningempata tena mchana mmoja wa namna hiyo, ningemwambia.

Umefikiri vizuri kumwonea huruma, na kwa hilo nakupenda. Lakini ulitaka kumsaidia bila kumuuliza. Fanya hivi. Raifo ikija, haipigwi kutoka chini kwenda mbele kwenye mahindi, hilo mume wangu alilikataza kila kijiji alichopita. Inapigwa kutoka juu, mtutu ukielekea chini, ili risasi ikimkosa nyani izikwe kwenye udongo wa shamba lako. Maana yake dungu halivunjwi, na anayepanda na bunduki ni wewe. Mwenye bunduki jicho lake likiwa kwenye shabaha, lazima awepo mwingine wa kutazama kama kuna mtu anakatiza shambani, na mtu huyo wakati wote awe kando yako, si chini kwenye mahindi. Unamjua mwenye macho hayo. Mbio za kufukuza nyani ndani ya mahindi zimekwisha kwake, na kabla ya yote mpeleke hospitali kiuno kikapimwe.

Kwa hiyo usimjibu Mzee Sabiri kwanza. Kata miti, panua dungu litoshe watu wawili kukaa vizuri, weka ngazi pana yenye pa kushikia, na mahali pa kuegemeza mgongo wake. Ukimaliza usimpe hotuba ya Bruno wala ya Mauza. Beba uji, panda mpaka juu, kaa karibu naye, na safari hii umenye karanga wewe.