Kengele Yupo Likizo Tu

Mshauri wangu, huwa nakusoma nikiwa kwenye cherehani na huwa nawacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, maji yako shingoni, kwa hiyo nisaidie na usinionee haya.

Mimi ni fundi, nashona sare za shule. Duka letu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, ndani kuna cherehani mbili na meza ya kukatia, na pembeni tumetundika pazia la kijani ambalo nyuma yake ndiko tunakopimia watoto. Nasema duka letu kwa sababu nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja, mimi nilikuwa mikono na yeye mdomo, wateja wetu walimwita Kengele kwa sababu ukipita nje ukasikia kicheko chake lazima ugeuke, na ukishageuka umekwisha, utatoka na sare mbili na sweta. Likizo ndefu ya mwaka jana tulifunga duka wiki za mwanzo tukapumzika, tukanyamaza kabisa, tuliporudi wateja wengi walikuwa wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hata kola hajui kuilaza, iliniuma sana, basi mwaka huu Kengele akasema, "Dada, tunafunga mlango, hatufungi mdomo."

Tukajifungia nyuma ya pazia, tukatundika masweta pande zote kuzuia kelele za barabarani, akarekodi matangazo ya likizo nzima kwa mkupuo mmoja, kila moja na utani wake, na mimi nikayapanga kwenye simu ya duka ili kila asubuhi moja litoke lenyewe liende kwenye kundi la wazazi, ambamo duka tu ndilo linaloandika. Nilicheka mpaka nikajidunga pini. Yote aliyamalizia kwa maneno yaleyale: "Wazazi wangu, Kengele yupo likizo tu, hajahama! Likizo ikiisha mtanikuta hapahapa nyuma ya pazia, tepu shingoni!"

Hatukupumzika sana. Alianguka jikoni kwake akimkaangia mtoto yai, ilikuwa presha na hatukuwahi kujua kama anayo, hospitali tulifika naye tukarudi bila yeye. Mume wake, yaani shemeji yangu, alijifungia chumbani, na binti yao, ambaye anaanza darasa la kwanza shule zikifunguliwa, akawa anazunguka nyumba nzima anauliza mama yuko wapi, mimi ndiye niliyemjibu, nikamwambia mama amekwenda likizo, maana ndilo neno lililokuwa midomoni mwetu siku zote hizo, watu wazima waliokuwemo wakatazama chini, wakaliacha lipite.

Matangazo niliyasahau, Mshauri, naapa. Asubuhi ya mazishi wanawake tumekaa chini sebuleni, wengi ni wazazi tunaowashonea, simu zikaanza kulia huku na huku, mama mmoja akabonyeza yake bila kuangalia, na sauti ya marehemu ikajaa chumba: "Mnadhani nimelala? Kengele halali, leteni watoto wapimwe!" Kuna aliyepiga yowe, kuna aliyetoka mbio bila viatu, mama yetu alishika ukuta. Binti peke yake ndiye aliyetabasamu.

Shemeji akanifuata uani akaniambia, "Shemeji, nakuomba, mzime." Nikamwambia namzima sasa hivi. Nikafungua simu nikafika penye neno futa, kidole kikagoma. Nguo aliyozikwa nayo niliishona mimi kwa mikono hii, mshono haukupinda hata mmoja, lakini kubonyeza pale nilishindwa, na hadi leo sijaweza. Kila asubuhi anatoka, anacheka, anaita watu.

Sasa nimegawanyika. Mama anasema nisithubutu, anaamka anashika simu anasubiri, "Nikishamsikia ndiyo chai inapita, ukimnyamazisha utakuwa umeniua na mimi." Shemeji amejitoa kwenye kundi lakini majirani wanafungulia kwa sauti kubwa, juzi alikuja dukani akasimama mlangoni hakuingia, akasema, "Shemeji, mimi kila asubuhi ananifia upya," akaondoka.

Na hapa ndipo ninapoona aibu. Oda zinaingia. Wapo wazazi wa mbali wasiojua kilichotokea, wanaandika, "Kengele wewe, umenivunja mbavu, niwekee sketi mbili," na mimi najibu kama yeye, naweka na vicheko, "Karibu mpenzi, nipo!" halafu naigeuza simu kifudifudi naifunika na kitambaa. Nilijaribu kurekodi tangazo kwa sauti yangu, nikajisikiliza, ni kama karani anayesoma hukumu mahakamani. Bila yeye mimi ni cherehani tu. Na fundi simu wa jirani ameniambia nisihangaike, eti anaweza kuchukua maneno ya Kengele akayakata na kuyaunga upya, aseme lolote tunalotaka, likizo hii na zijazo zote, hakuna atakayegundua. Sijamkubalia lakini sijamkatalia pia.

Mtoto naye ananiongezea kazi, nimefungua duka kwa ajili ya msimu na kila tangazo likishatoka anakuja, ameoga, nywele amejichana mwenyewe zimekaa upande, anaingia bila salamu, anafunua pazia la kijani, anaangalia, analirudisha vizuri, halafu anakaa kizingitini kutwa nzima anazuia wateja. Ukimwambia nenda kacheze, haendi. Sare yake mwenyewe haijashonwa kwa sababu anakataa kupimwa na mimi, anaruka kama nimemuunguza, ana kiburi cha mama yake huyo. Lakini hayo ya watoto tuyaache.

Niambie, Mshauri, niyaache matangazo yatoke mpaka shule zifunguliwe kisha nizime, au nimkubalie fundi simu? Nimsikilize mama au shemeji? Nijibu upesi, yaliyobaki ni machache.

Ni mimi, Mikono.

—

Mikono,

Pole, dada. Kufiwa na mdogo wako wa tumbo moja, tena yule aliyekuwa akisema kwa niaba yako, ni kukatwa nusu. Naisema pole kwa moyo wote, na naisema sasa hivi kwa sababu kuanzia sentensi inayofuata nitakugombeza.

Fundi simu huyo mwambie hapana leo. Usimwambie utafikiria. Mdogo wako alisema alichosema akiwa hai, akiwa na wewe, mkicheka kati ya masweta. Hicho ni chake. Atakachoungwaungwa kusema baada ya kufa si chake, na wewe utakuwa umemfanya mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi. Wale wazazi unaowajibu kwa jina lake nao umewadanganya. Siku watakapokuja na watoto wao wakauliza Kengele yuko wapi, utawajibu nini, yuko chooni? Hata usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba unafanya hivi kwa ajili ya mama yako. Mama yako anatulizwa na sauti, haendi kununua sketi.

Kuhusu mama na shemeji, umeufanya mgogoro pasipokuwa na mgogoro. Mama anataka kumsikia, shemeji anataka asimsikie, na wewe unaitangazia mitaa yote. Chukua rekodi zote, ziweke kwenye simu ya mama yako, mfundishe kuzifungua. Amsikilize chumbani kwake akitaka, anywe chai yake. Shemeji mpelekee nakala pia, ukimwambia asiifungue mpaka atakapotaka mwenyewe, hata kama ni baada ya miaka. Ukishahakikisha zimehifadhiwa, matangazo yazime. Kama kidole kitagoma tena, mpe shemeji hiyo simu, yeye cha kwake hakitagoma.

Halafu biashara. Likizo bado haijaisha na oda unazihitaji, sikatai, njaa haisubiri msiba upoe. Rekodi tangazo moja kwa sauti yako hiyohiyo ya karani wa mahakama. Sema: wazazi wangu, Kengele amefariki, mimi ni dada yake, nguo ambazo watoto wenu wamevaa miaka yote hii nilizishona mimi, duka liko wazi, njooni. Usijaribu kuchekesha. Wachache watakwenda ng'ambo ya barabara, waache waende wakakutane na kola zisizolala. Waliobaki watakuja kwa sababu ya mshono, na mshono bado unao.

Sasa keti chini, Mikono, maana yote niliyosema hadi hapa ni madogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilisoma ulichoniuliza. Ya pili nikasoma kile ulichoniambia tukiache, na nimeshindwa kukiacha. Wewe mwenyewe ulimwambia yule mtoto kwamba mama yake amekwenda likizo. Na kila asubuhi mama yake, kwa sauti ambayo mtoto hawezi kuikosea, anasema ni kweli: yupo likizo tu, hajahama, likizo ikiisha mtamkuta nyuma ya pazia. Mtoto hakaidi wala hazuii wateja. Anaoga, anajichana, anakuja kufunua pazia kuona kama likizo imeisha. Akikuta hakuna mtu, analirudisha vizuri, kwa sababu ameambiwa ndipo mama atakapotokea. Na hataki umpime kwa sababu tepu ni ya mama, na mama amesema anakuja nayo.

Ninyi watu wazima mlitazama chini siku ile. Huyu mtoto hajapata nafasi ya kulia hata mara moja, wakati nyumba nzima imelia mpaka imekauka. Na shule zikifunguliwa, likizo itakuwa imekwisha kweli, na yeye anajua. Siku hiyo atalifunua lile pazia kwa uhakika kabisa. Unataka uwepo pale ukimtazama mgongo?

Kwa hiyo usingoje. Mwambie baba yake aje, muwe wote wawili, na mlango wa duka ufungwe, oda zikae. Lishushe pazia lote chini, aone ukuta. Mweke mapajani umwambie kwa neno lenyewe: mama amekufa. Usiseme amelala, usiseme amesafiri, na neno likizo usilitumie hata kwa bahati mbaya. Mwambie ile sauti ilirekodiwa zamani, mama alipokuwa hai, na kwamba mama hakumdanganya, wewe ndiye uliyekosea. Liseme hilo waziwazi, asije akaishi akidhani mama yake aliahidi na hakuja. Atakuuliza atarudi lini. Mjibu kwamba harudi. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, na utamjibu vilevile bila kuchoka. Akikupiga ngumi, pokea. Akikaa kimya, kaa naye. Mpelekeni kaburini akapaone, mkiwa mmemshika mikono.

Kisha chukua tepu umpime. Akikataa leo, mpime kesho, na akilia wakati unampima, endelea taratibu. Sare hiyo ishone vizuri kuliko zote ulizowahi kushona, na sketi yake iachie upindo mrefu, maana ana miaka mingi ya kukua bila mama.