Nilisema Salama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako vipi, na watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameshaota meno, au bado anawatesa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Dada, nimechoka hadi kijiko nakiona kizito.

Uliniuliza kazi inaendeleaje. Inajikokota. Boila la kuni la kuchemshia maji bado liko kule nje, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, na bado tunaliita Mama Mkwe kwa kuwa halitaki kuendewa kwa pupa. Kabla ya kugusa mlango wake mkubwa unafungua kwanza kilango cha bomba la moshi, unahesabu hadi ishirini, unasimama pembeni, ndipo unauvuta taratibu. Ukiurukia, moto unakutokea usoni. Shemeji ndiye aliyenifundisha hayo, wiki yangu ya kwanza, huku akinicheka nilivyokimbia nimeshika nyusi.

Tangu banda la kuni liungue, msimamizi ametuwekea masharti mapya. Kuni zinapangwa mbali, hatua thelathini. Majani makavu yanafyekwa kila Jumatatu. Majivu yanakaa siku tatu kwenye pipa la bati lenye mfuniko, hata yakionekana yamepoa kabisa. Juu ya bomba kuna wavu wa kuzuia cheche. Na anayeingia zamu lazima akague kila kilango kwa mkono wake mwenyewe. Unajua zamani haikuwa hivyo. Anayetoka alisema salama, anayeingia akaitikia salama, basi. Kumkagua mwenzako ilikuwa kama kumtukana. Na tangu shemeji afukuzwe hawajaleta mtu, zamu zake nazibeba mimi.

Barua yako nimeisoma mara nne, nimekaa juu ya gogo. Unasema siku hizi mumeo anashinda kwenye ngazi za mlangoni, hasemi na mtu. Unasema umemwita mzembe, tena watoto wakisikia, na kwamba ukifika mwisho wa mwezi hajabadilika utafunga virago urudi kwa mama. Masikini dada, sikulaumu. Umeambiwa aliacha moto ovyo, nawe ukaamini kama wote walivyoamini.

Hakuacha. Ni mimi.

Siku ile kuni zilikuwa mbichi, maji hayataki kuchemka, na akina mama wa kufulia wananipigia kelele kwamba wodi hazina mashuka. Kile kilango cha chini kinachoingiza hewa, moto ukishashika hubakishiwa upenyo wa kidole tu. Mimi nilikifungua chote nikakitegea kipande cha tofali kisijifunge. Moto ukanguruma, maji yakachemka, wakanisifu sana. Nami kwa ujinga wangu nikasahau. Saa nane shemeji alipoingia nikamwambia salama. Akaitikia. Nusu saa haikupita, cheche zikaruka bombani zikaangukia banda. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Walipouliza zamu ni ya nani, shemeji akasema ni yake, na mimi nikanyamaza. Nikanyamaza na kesho yake, na sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nina aibu, dada.

Leo asubuhi nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia yote. Alivuta droo akatoa kipande cha tofali kilichoungua. Alisema shemeji alimkabidhi siku ile ile, akasema ni yeye shemeji aliyekiweka.

Alijua, dada. Alikikuta pale, akajua mkono uliokiweka ni wangu, na hajanitupia neno hata moja mpaka leo.

Msimamizi amesema Jumatatu shemeji arudi kazini. Funguo zake nimeziacha mezani, na mimi naondoka. Nitapata kibarua kwingine, usiwaze.

Wabusu watoto, mama nitamwandikia mwenyewe. Shemeji usimpe salamu zangu kwanza. Msomee barua hii kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi hapa. Akikwambia nimesema uongo ili kumwokoa, usimwamini.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea.