Mtumbwi Ulioshikwa na Wengi

Mjukuu wangu Chola,

Nautangazia ukoo mzima, kwa masikitiko makubwa, kwamba mbuzi wa bibi yako amekula kofia yangu ya kanisani. Sisi wengine tu wazima.

Unauliza kama ni kweli isemavyo hiyo saikolojia unayosoma, kwamba mtu hufuata watu. Miaka ya hamsini, nilipokuwa mvuvi hapa Kabuta ziwani, mchuuzi aliyewahi kushika ukingo wa mtumbwi ndiye aliyechagua samaki kwanza. Siku moja samaki wangu walipigwa na jua, hakuna aliyenisogelea, na walikuwa karibu kuoza. Nikawaomba dada zangu wawili washike mtumbwi wangu na kugombana kama wachuuzi.

"Toka, mama, ni miye nilishika mbele!"

"Weye? Na hiyo mikono mifupi?"

Wachuuzi wakaingia majini na viatu vyao, wakanunua mpaka samaki wa mwisho. Nikajiona profesa.

Mara nikaona kundi kubwa zaidi limeng'ang'ania mtumbwi wa jirani. Nikakimbia, mimi niliyetoka kuuza, nikasukuma wazee, nikashika ukingo. "Niwekee wale wakubwa!" nikapiga kelele.

"Asante, kijana," jirani akasema. "Vuta kwa nguvu."

Mtumbwi haukuwa na samaki. Ulikuwa umetoboka, unazama.